Uso Chini ya Rangi Nyekundu

Iringa,
4 Februari 2024

Kwako Dada Alka,

Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa lako. Sisi huku tuko salama. Mvua zimekatika mapema, mahindi yamejikunja majani, na mke wangu anasumbuliwa na magoti kila akipanda kutoka sokoni. Lakini hakuna aliyelala kitandani, kwa hiyo tunashukuru. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili hadi nikawa mwalimu mkuu, na wanafunzi wangu niliwakataza kuandika "madhumuni makuu ya barua hii". Nami sitayaandika.

Binti yangu Dinah ni muuguzi huko London, anakaa Tooting. Mwaka jana aliona tangazo kwenye ukuta wa kituo cha treni: yanaandaliwa maonyesho ya picha za zamani zilizopigwa na marehemu Chandrakant, mwenye studio mjini Iringa, kutoka katika hifadhi ya binti yake, Bibi Alka wa Wembley. Alinitumia tangazo hilo. Alitaka pia kunitafutia namba yako ya simu, nikamwambia anitafutie anwani, kwa kuwa jambo hili si la kuandikwa kwa vidole gumba.

Mimi ni Telesphor, mtoto wa Eufrasia binti Kihwele wa Kalenga. Nilizaliwa mwaka 1957. Ninatumia jina la babu mzaa mama kwa sababu jina la baba sikupewa. Baba yangu ni baba yako.

Mama yangu alipigwa picha mara mbili tu maishani mwake. Mara ya kwanza alikuwa msichana. Alikuja daktari Mwingereza aliyechunguza ugonjwa wa rovu, ule uvimbe wa shingo uliowapata wengi huku milimani kabla ya chumvi kutiwa dawa. Wanawake walipangwa uani kwenye zahanati, wakashushwa nguo mabegani, wakavalishwa ubao wa namba kifuani. Aliyekodiwa kuwapiga picha, kwa mbele na kwa ubavu, alikuwa Chandrakant. Mara ya pili ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 1958, studio ikiwa imefungwa. Mama alikaa kitini, amenipakata. Baba alitega kamera, akaja kusimama nyuma yake na kumwekea mkono begani. Kabla ya hapo alimzungushia kitambaa cha hariri shingoni ili rovu lisionekane. Mama alizoea kusema: "Mtu yule yule aliyenivua shingo mbele za watu, ndiye aliyenifunika tulipokuwa peke yetu."

Aliahidiwa nakala ya picha ya Jumapili. Hakuipata. Tangu hapo alikataa kamera. Hata kitambulisho cha mpiga kura alikikataa kwa sababu ya picha. Alifariki mwaka 2011.

Mwezi wa Desemba ukoo wetu utakutana kumjengea kaburi. Siku hizi jiwe la kaburi huwekwa picha. Naomba ile ya Jumapili. Kioo chake cha negativu, kile ambacho picha huchapwa kutokana nacho, lazima kiwe miongoni mwa vioo ulivyoondoka navyo Iringa.

Ni mimi ndugu yako,
Telesphor Kihwele


Wembley,
9 Aprili 2024

Kwa Bwana Telesphor Kihwele,

Salamu nyingi kwako na kwa mama wa nyumbani. Barua yako ilikaa sana njiani, kisha ikakaa sana mezani kwangu. Huku baridi haijaondoka. Mume wangu Sanjay alifariki miaka sita iliyopita, na mwanangu Pritesh ananisukuma niuze nyumba nihamie kwake, kwenye chumba kinachotazama maegesho ya magari. Nimemwambia nitatoka hapa nikiwa nimebebwa. Usishangae makosa ya lugha yangu. Kiswahili siku hizi nakisema na nani? Nakisema na sufuria, maziwa yanapofurika.

Nimesoma uliyoyaandika kuhusu marehemu baba yangu. Alikuwa mtu aliyejulikana, na mtu aliyejulikana husemwa mengi, hasa akiwa hawezi tena kujibu. Sikulaumu. Huenda nawe uliambiwa tu.

Ni kweli kwamba tulipoondoka Iringa mwaka 1971 nilikuja na masanduku ya vioo. Wengine walificha dhahabu kwenye mikunjo ya sari. Sisi tulibeba nyuso za wateja. Maafisa wa forodha walitucheka. Sasa vioo hivyo vimechukuliwa kwa muda na taasisi moja ya historia ya tiba hapa London, kwa ajili ya maonyesho uliyoyasikia. Picha za daktari wa rovu zimo. Ukitaka ya mama yako, nitajie namba aliyovaa, nami nitaomba wakuchapishie.

Hiyo ya Jumapili siikumbuki. Jumapili duka lilifungwa.

Nawatakia heri katika shughuli yenu ya Desemba.

Wako,
Alka


Iringa,
12 Mei 2024

Kwako Dada Alka,

Nimefurahi kusikia kwamba u mzima, na nakupa pole kwa kuondokewa na Bwana Sanjay. Usikubali chumba cha maegesho. Huku tumevuna kidogo, na magoti ya mke wangu yamepata nafuu kwa mafuta ambayo Dinah alituma.

Kiswahili chako hakina makosa. Kina majibu yasiyo ya swali langu. Nilikuandikia kwamba Jumapili studio ilifungwa. Nawe umenijibu kwamba Jumapili studio ilifungwa. Tumekubaliana.

Sikuambiwa tu. Chandrakant alikuwa akizunguka kwa pikipiki kwenye mashamba ya tumbaku, kuwapiga picha vibarua kwa ajili ya vitambulisho vyao, na akirudi alipitia Kalenga. Nilimwona kwa macho yangu akila ugali wa mama yangu kwa mkono, kamera ikiwa imelala juu ya kitanda chetu kama mgeni. Aliacha kuja nilipokaribia kuanza shule. Nawe nilikuona. Mama alinileta dukani siku moja, akasimama mlango wa nyuma. Ulinichukua, ukanipandisha juu ya farasi wa mbao ambaye watoto wa mjini walipigwa picha wakiwa juu yake, ukaniambia nisilie kwa sababu farasi hapendi. Ulikuwa na misuko miwili na utepe wa kijani. Umesahau?

Kuhusu picha ya daktari, mama alivaa kumi na nne. Aliikumbuka namba hiyo hadi anazeeka. Tukimwuliza umri wake alijibu "kumi na nne" na kucheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kusikia. Sihitaji wanichapishie. Nahitaji jambo jingine: wakiitundika ukutani, chini yake waandike jina lake. Aliitwa Eufrasia binti Kihwele. Unalijua sasa. Hakuna atakayelisema huko isipokuwa wewe.

Na picha ya Jumapili bado naiomba.

Ndugu yako,
Telesphor


Wembley,
30 Juni 2024

Kwa Bwana Telesphor,

Natumaini mu wazima. Huku jua limetoka, na majirani wamelala bustanini kama mihogo iliyoanikwa. Pritesh alileta mtu wa kuipima nyumba, nikamfungia nje.

Watoto wengi walipanda farasi yule. Wengi walilia.

Nimekwenda kwenye taasisi na kutazama masanduku ambayo hawakuyahitaji. Kioo unachokisema kipo. Nakuambia ili tusiendelee kuvutana. Lakini hakifai kwa kazi yako, na nitakueleza sababu.

Mama yangu, Bi. Lila, ndiye aliyezirekebisha picha studioni. Baba alipiga, mama alikaa dirishani na brashi zake, penseli na kisu kidogo, akifanya kazi juu ya kioo chenyewe. Unajua kwamba kwenye kioo kila kitu huwa kinyume, nywele nyeupe na meno meusi. Mama aliondoa chunusi, makovu ya ndui, macho yaliyofumba. Mtu akitaka aliyesimama pembeni aondolewe, shemeji waliyegombana naye kwa mfano, mama alimpaka rangi nyekundu. Mwanga haupiti kwenye rangi hiyo, kwa hiyo kwenye karatasi pale hutokea peupe, kana kwamba hapakuwa na mtu.

Kwenye kioo chako mwanamke aliyeketi amepakwa rangi nyekundu kuanzia kichwani hadi miguuni. Mtoto hakupakwa. Mwanamume hakupakwa.

Basi, ndivyo ilivyo. Ni rangi ya maji tu, lakini ni ya miaka mingi. Siwezi kukutumia picha ya mahali peupe.

Kama binti yako atapenda, na aje anywe chai, nimwonyeshe kwamba sikufichi kitu.

Alka


Iringa,
28 Julai 2024

Kwako Dada Alka,

Baridi ya mwezi huu imetuangukia. Asubuhi majani yana barafu nyembamba na kuku wanakataa kutoka. Mke wangu anakusalimu. Ameniambia niandike kwa upole. Nimemsikia.

Dinah alinieleza safari yake. Alitoka zamu, akamchukua mtoto wake Tatiana, wakavuka mji mzima kutoka Tooting hadi Wembley. Ulimpa chai nzuri na vitafunio. Ulimwita "sista", kama mgonjwa anavyomwita muuguzi. Yeye alikuita shangazi, nawe ukamwuliza kama anaongeza sukari.

Halafu kuna la mtoto. Tatiana alizaliwa huko. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza. Sebuleni kwako kuna picha kubwa ya Chandrakant yenye taji la maua. Mtoto akasimama mbele yake, akamwuliza mama yake kwa sauti, "Kwa nini babu amevalishwa maua?"

Hakumaanisha babu wa kwenye picha. Alimaanisha mimi. Alidhani picha ni yangu.

Dinah anasema kwamba uliinuka, ukaenda kufunga dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Katika barua yako hukuweza kuandika hayo kwa sababu uliiandika kabla. Lakini wametoka kwako siku nyingi, nami sijapata mstari hata mmoja. Nimefundisha watoto miaka mingi. Najua kimya cha asiyejua jibu, na najua kimya cha anayelijua.

Umeandika mwenyewe kwamba rangi ile ni ya maji. Maji yapo Wembley. Ikiwa mama yako alimfunika mama yangu, basi mama yangu bado yuko chini yake, amekaa na hariri yake shingoni, akisubiri nakala aliyoahidiwa. Muoshe.

Ndugu yako,
Telesphor


Wembley,
22 Septemba 2024

Kwa Bwana Telesphor,

Poleni na baridi, ingawa najua imekwisha kupita. Nilikuwa na maonyesho. Yalifunguliwa wiki iliyopita, na watu walijaa hadi ngazini.

Baba angejivunia. Sikuwahi kuzitazama kazi zake kwa pamoja. Wameweka ukuta wa vibarua wenye mbao za namba, kila mmoja akimtazama mtu asiyempenda. Wameweka lori lililopinduka mlimani, picha ya polisi, matairi juu. Kuna vifua vya wenye kifua kikuu vilivyopigwa kwa mashine, mbavu kama vitana. Kuna shamba lililopigwa kutoka kwenye ndege ya serikali, ambalo baba alilichapa tu. Kuna maiti aliyekalishwa kitini katikati ya wanawe kwa sababu akiwa hai hakupata nafasi. Kuna maharusi, na mabinti waliopigwa ili picha zitumwe Jamnagar, India, kutafuta wachumba. Na wako wanawake wa daktari. Watu walisimama kwao zaidi kuliko kwingine.

Sasa nitakujibu, kwa sababu umenisukuma hadi ukutani.

Mama yangu aliolewa kwa picha. Alikuwa na miaka kumi na saba, akaletewa karatasi ndogo yenye uso wa kijana mzuri. Alishuka melini na kumkuta kijana ana makovu ya ndui. Alikuwa amejirekebisha mwenyewe, kwa penseli yake. Mama alilicheka jambo hilo maisha yake yote, na alimpenda. Alikaa dirishani akiwatengeneza watu asiowajua, macho yake yakiharibika, ili studio ile iwe studio. Jumatatu moja akachukua kioo cha kurekebisha, akakitazama kwa mwanga. Nilikuwepo, na nilikuwa na umri wa kuelewa. Hakupiga kelele. Hakumwuliza baba swali. Alichovya brashi.

Hilo ndilo neno pekee alilowahi kulisema juu ya habari hiyo, na alilisema kwa rangi. Kila mwaka nakwenda hekaluni Neasden kuwaombea wote wawili. Unataka nimfute mama yangu ili mama yako aonekane. Wewe ungefanya?

Kuhusu jina chini ya picha, maandishi yalikuwa yamekwisha kuchapwa.

Alka


Iringa,
20 Oktoba 2024

Kwako Alka,

Tu wazima.

Umeuliza swali, nami hujibu maswali. Mama yako alidanganywa, na nina uchungu kwa ajili yake. Lakini aliyemdanganya alisimama kwenye kioo hicho hicho, nyuma ya kiti, na brashi haikumgusa. Umemtundika sebuleni na kumvalisha maua.

Umeniandikia juu ya watu waliojaa ngazini. Hukuandika kwamba Dinah alikuwa mmoja wao. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, koti juu ya sare. Mlitazamana. Ulikuwa na wenyeji wako, ukageuka.

Alikwenda kusimama mbele ya namba kumi na nne. Hakuwahi kuuona uso wa bibi yake akiwa kijana. Chini yake ameandikwa: "Mwanamke, takriban miaka ishirini, rovu la daraja la tatu." Alisimama kwa muda. Ndipo bibi mmoja, mtu mstaarabu kabisa, akamgusa bega na kumwomba radhi: Dinah alikuwa anaziba picha.

Akasogea. Nimemwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Baba, ningesema nini? Kwamba namba ile ni bibi yangu? Wangeniomba kitambulisho."

Nilikukosea kwa kudhani kwamba kuna kitu ambacho hukijui. Unajua kila kitu. Ulimwona mama yako akipaka, ulinipandisha farasi, ulimsikia mtoto akiniita mbele ya picha ya baba yako. Unalolinda si heshima ya Bi. Lila. Yeye alikwisha kupumzika. Unalinda ukuta wa sebule.

Mafundi wataanza kuchonga jiwe mwezi ujao. Sitakuomba tena.

Telesphor


Wembley,
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Telesphor,

Nakuandikia kabla ya kukuuliza hali, nisamehe. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Nilikirudisha kioo nyumbani nikiwa nimekipakata kwenye basi kama mtoto. Asubuhi nilitandika taulo kwenye beseni la jikoni, nikatia maji ya vuguvugu, nikakilaza. Rangi ilianza kutoka mara moja. Ilikuwa nyepesi ajabu, nilidhani itapigana. Maji yalipokuwa mekundu nikayamwaga, nikatia mengine. Nilitumia pamba. Niliongea, sijui na nani, nikasema, "Mama, samahani, mama, samahani," na sikujua ni yupi kati yao ninayemwambia.

Nikakiinua dirishani.

Hayupo.

Mama yangu hakumfunika tu. Alimkwangua kwanza, kwa kile kisu kidogo ambacho sikukiona, mimi niliona brashi tu; dawa yote ya picha ikatoka, kikabaki kioo kitupu kinachoonyesha upande wa pili. Kisha akapaka rangi juu ya mkwaruzo. Uso, hariri, mikono, hakuna. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa kumwona, na hakuwepo.

Nimekupelekea nakala. Fundi wa hapa aliichapa kwa uangalifu, mwanzoni alidhani amekosea. Palipokuwa peupe sasa ni peusi. Utaona baba amesimama, ameweka mkono juu ya giza. Utajiona umekaa juu ya giza, umevaa kofia ya kufuma, mzima kabisa. Hilo ndilo lililonikalisha chini, Telesphor. Kisu kimepita kando ya kila kidole chako. Alikuzunguka bila kukugusa hata unywele. Inawezekana ilimchukua siku nzima.

Nimekwenda kwenye taasisi. Niliwaambia wabadilishe maandishi ya namba kumi na nne. Walitaka kujua nina uhusiano gani na mwanamke huyo. Nikasema ni mama wa mdogo wangu. Walitazamana, kisha wakaandika. Sasa jina lake lipo. Dinah anaweza kwenda kusimama hapo kwa muda wowote anaotaka; nimemwandikia.

Picha ya baba nimeishusha ili kufuta vumbi. Bado sijairudisha.

Kama ukoo wako utaruhusu, ningependa kuja Desemba.

Dada yako,
Alka


Iringa,
5 Januari 2025

Kwako Bibi Alka,

Barua yako ya Novemba ilifika baada ya shughuli. Usiilaumu posta. Ingewahi, jibu langu lingekuwa hili hili.

Nimeitazama picha. Nimemwonyesha mke wangu, akaigeuza juu ya meza na kwenda jikoni. Nimekuwa nikiirudia kila siku. Unaniandikia habari ya vidole vyangu, kana kwamba nilipewa zawadi. Mimi naona mtoto aliyeondolewa mapajani mwa mama yake na kuachwa hewani, akitabasamu kwa sababu mpiga picha amemwambia atabasamu.

Umeniita mdogo wako. Nimelingoja neno hilo tangu nikiwa juu ya farasi. Umelitamka baada ya kuosha kioo na kuona kwamba hakuna tena cha kuficha. Kama angekuwapo chini ya rangi, na hariri yake, na mkono wa baba yako begani, sijui ungeandika nini. Nawe hujui. Kwa hiyo nalipokea neno, lakini siwezi kuliitikia.

Kwa jina lililoandikwa, asante. Hilo ni la haki, na haki hushukuriwa hata ikichelewa. Dinah alikwenda na Tatiana. Mtoto alilisoma jina kwa sauti, akalikosea, akarudia hadi likatoka sawasawa.

Kaburi limejengwa. Kwa kuwa picha ya Jumapili haikuja, nilimwagiza Dinah aipige kwa simu yake picha ile ya daktari, na hiyo ndiyo niliyompelekea fundi wa mawe. Ni kijana hodari, anafanya kila kitu kwenye kompyuta. Aliitazama, akaona haya kwa niaba yangu. Akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, ubao huu wa namba nitauondoa, ni kazi ndogo. Na hapa shingoni nitalainisha kidogo, bibi atoke mrembo."

Nilimwambia auondoe ubao, kwa sababu ubao haukuwa wake.

Shingo, nilimwambia, asiiguse.

Telesphor Kihwele